Kupishana Mlangoni

Siku hizo, mtu yeyote ambaye miguu yake ilitoa wati mia mbili alipelekwa milimani Usangi kukanyaga baiskeli za kufua umeme wa nchi, wala hakushuka tena. Namsifu, binti pekee wa Nakijwa, alichukuliwa hata nywele alizosukwa na mama yake hazijafumuliwa.

Nakijwa akafunga kipimo cha nguvu kwenye pedeli ya baiskeli yake, akaanza mazoezi. Kila alfajiri alipanda mwinuko wa nyuma ya mji wa Mwanga, macho kwenye tarakimu zilizomulika pale usukani. Mwanzoni alikanyaga kwa pupa, akaishiwa pumzi njiani. Polepole akajifunza kutunza nguvu, na tarakimu zikaanza kupanda.

"Mama, acha," Namsifu alimsihi kwenye simu. "Huku tunakanyaga kwa zamu. Hata ukija, tutakuwa tunapishana mlangoni tu."

"Kupishana nawe kunanitosha, mwanangu."

Asubuhi moja kipimo kiligota mia mbili, kikabaki hapo mpaka kileleni. Nakijwa alilia huku akiteremka. Nyumbani alimkuta mumewe, Mbonea, ambaye goti lake bovu lisingempeleka popote, akimchemshia maji ya kuoga.

"Leo imefika ngapi, Mama Namsifu?"

"Bado kidogo."

Mbonea alimtazama usoni, kisha akamimina maji kwenye ndoo taratibu, asimwage hata tone.

"Basi nitakufulia lile sweta zito," alisema. "Usangi kuna baridi."