Kikombe cha Mgeni

Uliuona mshubiri wa jirani yetu Saumu ukigeuka njano, ukatazama pembeni. Sheria inasema jani la njano kwenye mshubiri wa mlangoni ni dalili ya nyumba yenye chuki, na watoto wa nyumba yenye chuki hupelekwa bwenini. Saumu hana chuki, amefiwa na mama yake. Kila aliyekuja kuhani aliumwagia mshubiri kikombe cha maji mlangoni, adabu tuliyofundishwa na maofisa walewale waliogawia kila nyumba mche wake.

Nililibonyeza jani, likabonyea kama ndizi iliyoiva mno. "Dada, mizizi inaoza. Ung'oe, ukate palipooza, uuache ukauke kivulini, kisha uupande kwenye mchanga mkavu."

"Na mkaguzi akikuta chungu kitupu, mwanangu Rukia utamrudisha wewe?"

"Ukiendelea kuumwagia watamchukua vilevile."

"Huna mtoto, ndiyo maana mdomo wako mwepesi," alinijibu, akamimina kikombe kingine.

Mkaguzi anakuja kesho. Nyumba zilizopoteza watoto baada ya matanga nazikumbuka zote, na wewe unazikumbuka. Nenda kwa Saumu sasa hivi. Ukipewa kikombe, kiweke chini, kisha mshike mkono muung'oe pamoja, ili kesho mkaguzi aone mizizi iliyoozeshwa na maji, si chuki.