Kadi ya Saa Moja

Kuanzia Jumatatu, kwa amri ya serikali, video yoyote isiyong'aa ingefutwa katika kila nyumba. Mimi na dada yangu Nyamizi tulikuwa na moja tu, ya harusi yake, imejaa chengachenga mwanzo hadi mwisho. Jumamosi tukawahi dukani, hapo Tabora mjini, na muuzaji akatuwekea mezani kadi mbili za kompyuta.

"Hii ndogo inasafisha video kwa siku kumi. Hii kubwa ni saa moja tu, na pale pasipoonekana inajaza yenyewe."

"Tupe kubwa, kaka," dada alisema, huku ameshaanza kufungua boksi.

Nyumbani, hata saa haijaisha, chenga zikayeyuka. Tukaona mpaka maua ya kanga, na marehemu mama anapiga vigelegele, mdomo wazi. Tulishikana mikono tukarukaruka kama watoto.

"Kumbe bibi alikuwa na meno mazuri," mwanangu alisema.

Tukaachiana mikono. Mama alikuwa na pengo mbele. Akicheka alilifunika kwa upindo wa kanga.

"Lilikuwa upande wa kushoto," nikasema.

"Kulia," alisema dada, akairudisha video nyuma ili tuhakikishe.