Makala ya Kilio

Maiti ya Ba Chola haikufika, kwa sababu gari la hospitali halikuwa na hata tone la esansi. Ndivyo alivyosema mke wake, Simone, na mtaa mzima wa Kampemba ukaitika. Nani angebisha? Mwaka ule hata gari za wakubwa zilikuwa zinasukumwa.

Basi watu wakalia bila maiti. Na kwenye kilio hauingii mikono mitupu: unaleta kuni ama makala, yale makaa ya miti, moto wa wafiwa usizimike mpaka mtu azikwe. Nyumba zingine zote baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inazitafuna. Kwa Simone tu ndiko moshi ulikuwa unapanda.

Musonda, jirani yao, alisimama akitazama ndoo yake. Makala ya mwisho. Kitandani binti yake Mwansa alikuwa amelala na mtoto wake mchanga, aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kulala kwenye viganja viwili. Masista wa hospitali walimwonya: chumba kisipoe. Kikipoa, mtoto anakwenda.

"Usitoe ile," alisema Mwape, bwana wake. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, lile jiko lao la bati, akipuliza mipira aliyofinyanga kwa udongo wa kichuguu na vumbi la makala. Kabla ya hapo alijaribu magunzi ya mahindi, na unga wa mbao. Yote ilitoa moshi, moto hapana.

"Na hii, itawaka?"

"Itawaka. Inabakia kukauka tu."

"Tangu Paska inakauka! Baba Mwansa, weye njo utakauka mbele yake."

"Cheka tu. Mafuta ya chini ya udongo iko sawa chungu ya maji. Bazungu banachota, siye tunachota, siku moja kikombe inakwaruza ku chini. Miti nayo, banaikata mpaka kule mbali, na malori haina esansi ya kuleta makala. Muntu atafute kingine, ama baridi itamumaliza."

Juu ya paa nyaya za umeme zilikuwa zinavuma, zikipita kwenda kuyeyusha shaba.

Musonda alichota makala kidogo, ya kufikisha magharibi, akaiwasha kwenye kibati chini ya kitanda. Iliyobaki akainyanyua. Mama yake alipokufa, Ba Chola alileta gogo zima begani, peke yake, akitoka jasho. Mtu wa namna ile, utamlilia na nini?

"Utarudia na moto wa kule?" Mwansa aliuliza.

"Moto wa kilio haubebwi, mwanangu. Ukiubeba, unabeba na kifo."

Kwa Simone mikeka ilikuwa nusu tupu. Wanawake waliotangulia walikuwa wamekwisha kwenda, wengine bila hata kuaga. Kilio gani watu wanatoka hivi? Simone alilia vizuri, sauti ilikuwa nayo, lakini macho yake yaliifuata ndoo.

"Mama Mwansa, Mungu akuone. Acha hapa, miye nitapeleka."

"Mufiwa hanyanyuke ndoo, mama. Kaa."

"Acha, minakuambia!"

"Kaa, dada. Ulie bwana yako."

Musonda alikijua chumba cha nyuma walimoweka makala. Akazunguka nyumba, akasukuma mlango kwa goti.

Joto lilimpiga usoni. Magunia ya makala yalikuwa yamepangwa mpaka darini. Katikati mbabula ilikuwa nyekundu, na pembeni yake Ba Chola mwenyewe amekaa kwenye kigoda, wajukuu wake wamelala mapajani.

Wakatazamana.

"Mama Mwansa," akasema taratibu, "funga mulango. Baridi inaingia, batoto bataamuka."

Hakuna mtu anayetoka kwenye kilio na makala mkononi. Musonda aliiacha ndoo. Akafunga mlango.

Alipofika kwake, Mwape alikuwa bado anapuliza, uso wote mweusi. Ya chini ya kitanda ilikuwa imekwisha kuwa majivu. Musonda aliingiza mkono ndani ya blanketi. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi kama chuma.

"Baba Mwansa, acha ile. Kuya ulale."

"Kulala namna gani? Miye haiko mugonjwa."

"Minajua. Lala, ujifunike uso."

Mwape alimwangalia sana. Halafu akalala.

Musonda akafungua kitambaa cha kichwa kama mjane, akatoka mpaka barabarani, akapiga yowe kwa nguvu zote: "Mwape alikufa! Bwana yangu yoo!"

Hakuna aliyekuja na ndoo. Barabara nzima, mlango kwa mlango, wanawake walikuwa wamesimama vichwa wazi, kila mmoja akimlilia bwana wake.