Jezi Namba Tisa

Timu ilikuwa imeshinda bila yeye. Nyamvula aliingia kwenye ua wa bweni la chuo kwa magongo, goti limefungwa bandeji, akaona jezi za mpira wa kikapu zimeanikwa. Namba tisa, yake, ilikuwa ikichuruzika maji. Katika timu ile kila mchezaji hufua jezi yake kwa mkono wake.

"Pole, dada," alisema Tabitha, msichana wa mwaka wa kwanza, ndoo mkononi. "Kocha kanipa mimi. Anasema daktari amemwambia hutacheza tena. Si umeambiwa?"

Yeye mwenyewe, daktari alikuwa amemwambia apumzike tu. Nyamvula akauliza:

"Umefunga pointi ngapi?"

"Kumi na nne."

Yeye alizoea kufunga thelathini, uwanja mzima ukiliita jina lake.

"Hukuikamua vizuri," alisema. "Itanuka."

Akayaegemeza magongo ukutani, akasimama kwa mguu mmoja, akaianua jezi na kuanza kuikamua. Maji yakailowesha bandeji. Tabitha alinyoosha mkono kuipokea, akangoja. Nyamvula aliendelea kuisokota, ingawa haikuwa ikitoa tena hata tone.