Trauti Mtaalamu wa Wadudu

Katika mto wa baridi kule mlimani aliishi samaki aina ya trauti aliyejiita mtaalamu wa wadudu. Aliwahi kuitema ndoana moja tu, iliyovishwa manyoya na uzi ifanane na mdudu, na tangu siku hiyo hakuna samaki aliyekula mbele yake bila kuhutubiwa.

Asubuhi moja mdudu wa maji alitoka chini ya jiwe, akapanda juu kukausha mbawa ili aruke akatage mayai. Trauti akamzingira, kinywa wazi.

"Hebu nikukague kwanza. Bawa limekunjamana, mguu mmoja haupo, rangi imepauka. Wewe ni bandia!"

"Bandia mimi?" mdudu akafoka. "Mama yangu alitaga humuhumu..." Kisha akakitazama kile kinywa, akili ikamrudia. "Shikamoo, mtaalamu. Umenigundua. Mimi ni manyoya ya jogoo na uzi tu."

"Nilijua! Mimi sidanganyiki. Mdudu halisi ni yule pale."

Pale mbele alielea mdudu mrembo ajabu, mbawa zimenyooka, miguu yote imetimia, kiuno kimezungushiwa uzi wa dhahabu.

"Yule hasa," mdudu akakubali, huku akipepea mbawa zikauke upesi. "Ila si wa kuliwa na samaki wa hivihivi."

Trauti akammeza yule mrembo. Mshipi ukakaza, akaanza kuburutwa kuelekea ukingoni, alikosimama mvuvi mwenye buti za mpira. Yule bandia akaruka zake kwenda kutaga.

"Mmeona?" trauti akawapigia kelele wenzake. "Mdudu halisi ana nguvu!"