Madira ya Kijani

Mwanakombo alichomeka waya wa HDMI, ncha moja kwenye kompyuta ya mumewe, nyingine nyuma ya televisheni, ili mawifi zake wawili waone video ya harusi ya mdogo wao wa kike. Akafungua faili lililoandikwa "Harusi".

Kwenye kioo akatokea mumewe, kilemba kichwani, kando ya bibi harusi asiyemjua. Nyuma yao mawifi hao hao walipiga vigelegele, wamevaa yale madira ya kijani aliyoyasifia walipoingia.

"Wifi, chomoa waya," mkubwa alinong'ona.

"Nichomoe? Mmekula pilau yangu na sare ya mke mwenzangu mwilini!"

Akafungua dirisha, akaongeza sauti mpaka mwisho. Ng'ambo ya kichochoro, jirani asiyejua kitu akaitikia kwa kigelegele.