Pikapu Iliyokuwa Ikirudi Bigwa

Fyuu. Tik.

Mlio ulitoka gizani, chini ya blanketi, ukanyamaza, kisha ukaanza upya. Fyuu. Tik. Jesca akatabasamu bila kufumbua macho. Panya hanyonyi mpira.

“Pendo, acha vali ya watu, ulale.”

Mdogo wake akacheka. Vali hiyo kuukuu Jesca alipewa kwenye masomo ya jioni ya ufundi magari, akajizoeze nyumbani. Ukinyonya hewa kwenye mpira wake mwembamba, kitu ndani kinainuka: tik. Kwenye gari, kazi yake ni kurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili isizidiwe na joto. Mpira ukichomoka, vali inalala. Gari likisimama linatetemeka, na likipanda mlima na mzigo linagonga kama kokoto ndani ya debe. Pendo alikuwa ameyasikia hayo mara nyingi kuliko hadithi za sungura.

Usingizi haukurudi. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo Evance hushusha kabichi na karoti kutoka Mgeta. Pikapu yake ikikata kona tena kuingia gereji, ufundi wa Jesca umekwisha. Mzee Abdulmajid, mwenye gereji pale Bigwa, alikuwa bado anamjaribu, na alishamwambia wazi: gari hilo likirudi na ugonjwa uleule, utarudi kwenye beseni la kuoshea nati.

Mara ya kwanza pikapu iliugua kweli. Wenzake walitaka kubadilisha plagi zote. Jesca alipanda juu ya kreti lake la soda, maana ni mfupi, akainama kwenye boneti, akasikiliza, akasema ni vali. Waliifungua wakaikuta imejaa masizi. Akaisafisha, injini ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Jumamosi iliyofuata ikarudi. Mpira wa hewa umechomoka. Akausukuma mpaka mwisho, akawasha, ikatulia. Akaacha boneti wazi injini ipoe, akaenda kumchemshia Evance chai.

Jumamosi nyingine, ikarudi tena. Mpira uleule. Kwenye ncha yake palikuwa na doa jekundu. Akadhani ni yale maji mekundu ya rejeta, ya kupozea injini, akalifuta kwa kidole.

Mpira mzima haujichomoi. Usiku huo Jesca aliwaza na kuwazua, mwisho akalipata jibu, akauficha uso kwa mto ili Pendo asimsikie akicheka. Evance hakuwahi kulalamika hata siku moja. Alikuja na kikombe cha stroberi kwa ajili ya Pendo, ambaye Jumamosi hushinda gereji na dada yake, akaketi juu ya tairi, akampigisha Jesca soga mpaka chai ikapoa. Ni mtu gani anaharibikiwa na gari, tena likiwa na mzigo, halafu anatabasamu hivyo? Anauchomoa mwenyewe, Jesca akajiambia. Tangu hapo alikuwa akiangusha spana ovyo.

Ndivyo alivyokuwa asubuhi hiyo, moyo mmoja ukiomba pikapu isije, mwingine ukichungulia barabarani.

Ikaja. Ikaingia ikitetemeka kama mwenye homa. Mafundi wakapiga miluzi. Mmoja akauliza aitwe shehe au padri. Mzee Abdulmajid akatoka ndani na beseni la nati, akaliweka miguuni pa Jesca.

“Shikamoo Mzee,” Evance akawahi, hata mlango hajaufunga. “Fundi hana kosa. Gari ni zima. Mpira umechomolewa tu.”

“Umechomolewa na nani?”

Evance akajikuna kisogo. Akaeleza kwamba alijua tangu ile Jumamosi ya pili, akirudi Mgeta, hata kabla ya kona ya kwanza ya mlima. Angeweza kuuchomeka mwenyewe. Lakini fundi akimchomolea mtu mpira ili arudi, alisema, muungwana anarudi.

Gereji nzima ikamgeukia Jesca.

“Kaka Evance,” akasema Jesca, masikio yakimwaka, “mimi? Si wewe?”

Evance akalitazama beseni, kisha akamtazama yeye.

“Haya, Mzee,” akasema taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. “Ni mimi.”

Mzee Abdulmajid akacheka mpaka kofia ikamwendea upande. Akaliokota beseni, akamkabidhi yule aliyeuliza shehe au padri. Akasema kuanzia leo Jesca ni fundi, na kwamba hapa hakuna gari bovu, kuna watu wawili wagonjwa.

Jesca akauchomeka mpira mpaka mwisho. Evance akasogea, akamwambia kwamba kesho baada ya ibada atashuka na mjomba wake, waende kwa mama yake Jesca kujitambulisha. Safari hii atakuja bila ubovu wowote. Jesca akaitikia kwa kichwa.

Pendo alikuwa ameshapanda juu ya kreti, kando ya boneti, vidole vyekundu kwa stroberi. Akavilamba kimoja kimoja, akashuka.

“Basi leo siuchomoi.”